Baada ya Arobaini



Ndugu zetu katika imani, haya tunayaandika tukiwa wawili, mume na mke, kwa kuwa jambo lenyewe lilitufika tukiwa wawili, na kosa letu lilikuwa kulifanya la mmoja.

Mwana wetu wa kwanza sasa ametimiza miezi saba. Anakaa bila kushikwa, anacheka na kila aingiaye, na uji wake wa kwanza ameupaka hadi masikioni. Amwonaye leo hawezi kudhani kwamba miezi mitano iliyopita tuliwahi kukaa sakafuni alfajiri tukimshukuru Mola kwa kusikia kilio chake. Tumeona vyema tulisimulie, huenda likawafaa wanaongoja mtoto au walio naye mikononi hivi sasa.

Alizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliadhiniwa, akawekwa kifuani mwa mamake, na saa moja haikupita ila alikuwa amekwisha kunyonya dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo baadhi ya wazee wa zamani waliyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Nyanya yake, Alhamdulillah, hakuwa miongoni mwao. Alikuja kutoka Lamu na kikapu chake, akaishika nyumba. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa mkaja, akanyweshwa uji wa pilipili manga asubuhi na supu ya pweza jioni. Kwa siku arobaini hakushika ufagio wala sufuria. Usiku mtoto alipolia, nyanya ndiye aliyemtoa katika susu, akamleta titini, akangoja ashibe, akampigapiga mgongoni hadi acheue, kisha akamrudisha. Mama alinyonyesha akiwa nusu usingizini. Baba alilala chumba cha pili, akaamka mzima kwenda kazini, na jioni akawaambia wenzake barazani kwamba ulezi si mgumu kama watu wanavyousimulia.

Siku ya arobaini na moja nyanya alipanda basi la Mokowe kurudi kwake. Sisi tulidhani ameondoka mgeni mpendwa. Hatukutambua kwamba zamu yote ya usiku ilikuwa imeondoka naye, na hakuna kati yetu aliyeuliza nani ataishika.

Ikasadifu kwamba katika majuma hayo hayo mtoto alibadilika. Tangu magharibi hadi baada ya isha alikuwa akilia, akinyonya, akiachia, akilia tena. Majirani walikuja na nasaha zao, zote kwa mapenzi. Huyu alisema maziwa ya mama ni mepesi. Yule alisema ni chango. Mwengine alishauri maji ya sukari kijiko kimoja, na mwengine chupa ya maziwa ya kopo ili mtoto ashibe na mama alale. Tukanunua kopo. Usiku wa kwanza mtoto alilala saa nne mfululizo, nasi tukafurahi kama waliopata hazina. Chupa moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Siku kumi baadaye matiti hayakuwa yakijaa kama mwanzo, na mtoto akiwekwa titini alilivuta na kulia kwa hasira. Tukaambiana: kumbe ni kweli, maziwa hayatoshi.

Wakati huo baba aliendelea kulala chumba cha pili, kwa hoja kwamba ana kazi asubuhi. Mama hakulalamika. Alilelewa akiamini kwamba mwanamke mwema huvumilia, na akaona aibu kusema amechoka kwa neema aliyoiomba kwa miaka mitatu. Alianza kulia wakati wa alasiri, bila sababu aliyoweza kuitaja, ila kwamba jua lilikuwa likishuka na usiku ulikuwa ukija.

Usiku mmoja mtoto akiwa na wiki tisa, mama aliketi na mtoto kwenye kochi la ukumbini ili kilio kisimwamshe baba. Ilikuwa saa tisa. Alimweka titini, akaegemea mto. Alichokisikia baada ya hapo ni adhana ya alfajiri. Mikono yake ilikuwa mitupu. Mtoto alikuwa ameteleza akaingia baina ya paja lake na mkono wa kochi, uso umeelekea kitambaa, naye kimya.

Alipovutwa alilia. Alhamdulillahi Rabbil-alamin, alilia.

Baba alitoka mbio akamkuta mama sakafuni, amemkumbatia mtoto, akirudia neno moja: “Nililala. Nililala.” Hakupata la kumjibu. Alitawadha, akaswali pale pale ukumbini, na alipotoa salamu aligeuka akasema: “Si wewe uliyelala. Aliyelala ni mimi.”

Wiki iliyofuata ilikuwa ya chanjo za wiki ya kumi, na safari hii tulikwenda zahanati sote. Muuguzi alimpima mtoto, akatia alama katika kijitabu cha mama na mtoto, akatuonyesha. Mstari wa uzito uliokuwa ukipanda vizuri ulikuwa umeanza kulala. Hakutukaripia. Alimwomba mama anyonyeshe mbele yake, na papo hapo akaona tatizo: mtoto alikuwa akishika chuchu peke yake. Akatufundisha kumngoja afungue mdomo wazi kabisa, achukue na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu, kidevu kiguse titi, na tumbo la mtoto lielekee tumbo la mama. Maumivu ambayo mama alidhani ni desturi ya kunyonyesha yakapungua siku ile ile.

Kisha akatueleza jambo ambalo laiti tungelijua mapema. Titi si mtungi unaojaa ukaisha. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa, na homoni inayoyatengeneza hupanda zaidi usiku. Kila chupa ya kopo inayochukua nafasi ya titi hulipa mwili habari kwamba maziwa hayatakiwi tena. Kilio cha jioni nacho si ushahidi wa njaa. Watoto wengi hulia zaidi kufikia wiki ya sita hivi, kisha hutulia taratibu kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana, na jioni huenda akataka mara nyingi kwa mkupuo. Ukitaka kujua kama anashiba, alituambia, tazama nepi: sita au zaidi zilizolowa vyema kwa siku. Na tazama mizani. Maji ya sukari hayana nafasi, kwani kwa miezi sita ya mwanzo Shirika la Afya Duniani hupendekeza maziwa ya mama peke yake, hata maji yasichanganywe. Kuhusu kopo, alitukataza kulikata ghafla. Tupunguze kidogo kidogo, tumlete mtoto kila wiki apimwe.

Alipomaliza alimtazama baba, aliyekuwa mwanamume pekee katika benchi lile, akamuuliza: “Na usiku, mama huyu yuko na nani?”

Swali hilo tulirudi nalo nyumbani. Jioni tulifungua Msahafu tukaisoma pamoja aya ya 233 ya Surat al-Baqara. Sote tuliijua tangu madrasa kuwa ni aya ya miaka miwili ya kunyonyesha, na kwa kawaida husomewa akina mama. Tulipoisoma kwa utulivu tuliona kwamba haimsemeshi mama peke yake. Inamwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mwenye kunyonyesha. Inakataza mzazi yeyote kutiwa dhara kwa sababu ya mtoto, na inasema nafsi haikalifishwi ila kwa uwezo wake. Hata kumwachisha mtoto ziwa imekuwekea shuruti ya wazazi wawili kuridhiana na kushauriana. Ikiwa kumwachisha kunataka mashauriano, basi kumnyonyesha je? Sisi hatukuwahi kushauriana lolote. Tukakumbuka pia alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ulipofika hutoka kwenda kuswali.

Tukapanga upya. Susu lilihamishiwa kando ya kitanda, na baba akarudi chumbani. Mama hulala mara tu baada ya isha, mtoto akishanyonya, na baba humbeba hadi saa nne, akimtembeza ukumbini na kumbembeleza kwa dhikri. Mtoto akiamka usiku, baba ndiye anayemwinua, anayembadilisha nepi, anayemcheulisha na kumrudisha susuni. Kazi ya mama ni kunyonyesha tu, kitandani, na baba hufumbua macho hadi amalize. Kochi limepigwa marufuku usiku. Mtoto hulazwa chali, juu ya godoro gumu lililotandikwa sawasawa, bila mito wala mashuka mazito. Baada ya alfajiri baba humchukua tena, mama akapata usingizi hadi saa moja.

Je, mtoto alilala usiku kucha? La. Wala hatukumtarajia tena. Mtoto mchanga hazaliwi akijua usiku na mchana. Saa ya mwili wake hujengeka pole pole katika miezi ya mwanzo. Tulimsaidia kwa kufungua madirisha mchana na kuacha kelele za nyumba ziendelee, na usiku kutumia taa hafifu, bila mazungumzo wala michezo. Alipofika miezi minne alikuwa akilala vipande virefu zaidi. Lakini nyumba yetu ilikuwa imetulia kabla ya hapo, wakati bado akiamka mara nne, kwa sababu aliyeamka naye hakuwa mmoja. Chupa zilipungua, na baada ya wiki nne kopo likabaki kabatini. Mstari wa kijitabu ukapanda tena.

Mama ni mwalimu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo na baba wiki mbili, nayo huisha upesi. Kabla ya kurudi kazini alimwendea mkuu wa shule akaomba pahala pa stara pa kukamulia maziwa, jambo ambalo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri alitimize. Alipewa chumba kidogo kando ya maktaba. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa muda wa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, na joto letu la Mombasa hulizidi hilo siku nyingi, kwa hivyo huyatia mara moja katika kasha la barafu. Yakifika kwenye friji hukaa hadi siku 4. Nyanya, aliyerudi kutusaidia kwa mwezi mmoja, alimnywesha mjukuu wake kwa kikombe kidogo, kwa subira.

Hatusemi kwamba kila mama ataweza kunyonyesha kama alivyotaka. Wako wenye maradhi, wako waliojaribu kwa dhati yasitoke ya kutosha, na aya ile ile imewafungulia wazazi mlango wa kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwengine. Mama wa namna hiyo asitiwe aibu. Tunalolisema ni kwamba kabla ya kumwambia mama maziwa yake hayatoshi, tumuulize amelala saa ngapi, amekula nini, na nani alikuwa naye usiku. Na huzuni ikimkaa zaidi ya wiki mbili, akawa halali hata mtoto akilala, au akajiwa na fikra za kumdhuru mtoto au kujidhuru, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumsomea dua ni jambo jema, na kumpeleka kwa daktari hakupingani na dua.

Wazee wetu waliliona hili walipomwekea mzazi siku arobaini. Hawakumtunza mtoto peke yake. Walimtunza anayemtunza mtoto. Upungufu si wa mila yao. Ni sisi tuliodhani kwamba siku ya arobaini na moja haja yenyewe imekwisha. Kwa hivyo enyi akina baba, ulizaneni na wake zenu mapema, kabla ya nyanya kufunga kikapu chake, zamu ya usiku itashikwa na nani na kwa saa zipi. Nanyi akina mama, semeni mkichoka. Kusema hakupunguzi subira yenu wala thawabu zenu.

Nyanya aliposikia habari za kochi alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema angepiga simu kila usiku laiti tungemwambia. Tunaamini angepiga.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu katika usingizi wao na kuamka kwao, awape nguvu mama zao, na awafanye baba zao kuwa macho. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.