Msaada au Fidia?
Katika Kiswahili chetu, msaada hutoka kwa mwenye huruma. Fidia hutoka kwa mwenye kosa. Niliona uzito wa tofauti hiyo mama mdogo alipogongwa na gari hapa Lubumbashi, akavunjika mguu. Mwenye gari alileta pesa kidogo, akaziita msaada. Lakini karatasi yake ya Kifaransa, niliyomfasiria mama kitandani, ilisema amelipwa fidia yote na hatadai tena. Mama alikataa kutia sahihi. Kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba na wajibu ya 1888 kinamlazimu aliyeleta hasara kwa kosa lake kuilipa. Tangu 1973, bima ya gari ni lazima. Sheria hizo ziliandikwa kwa Kifaransa. Kumfasiria aliyeumizwa kabla hajatia sahihi ni kazi yetu, wanafunzi wa lugha.