Samaki Msahaulifu na Wazee Wake

Ndugu msomaji, usinicheke ukiona mtu mzima mwenye mvi leo anakuandikia khabari za samaki wa katuni. Katika nyumba zetu za Pwani watoto wanaziangalia filamu hizi, tukitaka tusitake, na lililo bora ni mzazi akae nao, aangalie, kisha apime lipi la kuchukua na lipi la kuacha. Mimi nimekaa nao, na nimeondoka na jambo linalonihusu mwenyewe kabla ya kumhusu mtoto yeyote.

Filamu ya kwanza ni Finding Nemo, iliyotengenezwa na kampuni ya Pixar ya Marekani na kutolewa mwaka 2003. Samaki mdogo wa rangi ya machungwa, jina lake Marlin, akiishi katika matumbawe ya Australia, alivamiwa na mzia siku moja, akampoteza mkewe na mayai yao yote isipokuwa moja. Yai hilo ndilo Nemo, mtoto mwenye pezi moja dogo kuliko la pili. Baba akamlea kwa khofu, hataki ajaribu lolote. Mtoto akaona uchungu, akaogelea mbali ili awaonyeshe wenzake kuwa anaweza, mpiga mbizi akamkamata, na mwisho wake akatiwa katika tangi la kioo la daktari wa meno mjini Sydney. Baba akavuka bahari kumtafuta, akiongozana na Dory, samaki wa buluu ambaye husahau jambo mara tu baada ya kuambiwa. Wavuvi wetu hawatamwona Dory kuwa mgeni sana, kwani ni wa ukoo wa kangaja, na aina yake hupatikana hata katika bahari hii yetu ya Afrika Mashariki.

Filamu hiyo ilipewa tuzo ya Oscar mwaka 2004, nami naona ilistahili. Kila hatari iliyomo inamfundisha baba somo lile lile, ya kwamba kumlinda mtoto si kumfungia. Karibu na mwisho Dory ananaswa wavuni pamoja na samaki wengi, na Nemo anaomba aingie awaonyeshe kuogelea wote kwenda chini kwa pamoja. Baba anakataa, kisha anakubali. Kukubali huko ndiko roho ya kisa chote. Sisi tumefundishwa kumfunga ngamia kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu. Marlin alikuwa amejifunza kufunga tu.

Baada ya miaka 13, yaani mwaka 2016, ikaja ya pili, Finding Dory, nayo iliongozwa na Andrew Stanton yule yule wa ile ya kwanza. Safari hii anayetafuta ni Dory. Amekumbuka ghafla kwamba naye alikuwa na baba na mama, na safari inampeleka California, kwenye taasisi ya kutibu na kuonyesha viumbe wa baharini.

Je, ya pili imeifikia ya kwanza? Nikisema kwa insafu, kwa utungaji haikuifikia. Bahari kuu imepunguzwa ikawa mabomba, ndoo na matangi. Mambo mengi hutokea kwa bahati tu, na kuelekea mwisho yuko pweza mwenye minyiri saba anayeendesha lori barabarani mpaka likatumbukia baharini! Watoto hucheka sana, lakini ile khofu iliyokushika moyo katika ya kwanza huipati tena. Filamu hiyo ilichuma zaidi ya dola bilioni moja duniani, lakini mapato ya mlangoni si mizani ya uzuri. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya mgema anayesifiwa.

Ningeishia hapo, msomaji wangu, lau si mambo mawili.

Nyumbani kwangu Mombasa ninaishi na mama yangu, ambaye umri umempokonya kumbukumbu. Huuliza swali moja mara kumi kabla ya adhuhuri, na zaidi huuliza kama marehemu baba amerudi kutoka sokoni. Mwanzo nilikuwa nikijibu kwa upole. Asubuhi moja, nikiwa na haraka ya kwenda kazini, nilimjibu mbele ya watoto, "Mama, kaa hapo usahau, ndiyo kazi yako siku hizi." Akanyamaza. Nami nikatoka.

Siku chache baadaye nikakaa na binti yangu kuiangalia filamu ya pili. Nemo anaumizwa, na Marlin kwa hasira anamwambia Dory maneno ambayo maana yake ni hayo hayo niliyoyasema mimi. Binti yangu aligeuka akanitazama. Hakusema neno, wala mimi sikupata la kusema. Sote tumesoma katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23, kwamba mzazi aliyefikia uzee hata kugunwa ni haramu. Nilikuwa nikiijua aya hiyo tangu chuoni, na ilinibidi nikumbushwe na jicho la mtoto wa miaka tisa.

Jambo la pili ni makombe. Dory alipokuwa mdogo, wazee wake walijua maradhi yake, nao wakampangia makombe mchangani yamwonyeshe njia ya nyumbani. Alipopotea, hawakukata tamaa. Miaka yote waliendelea kukusanya makombe na kuyapanga mistari kila upande, ili popote atakapotokea aukute mmoja. Anapoyaona na kuyafuata, mimi nililia, na siyaonei haya machozi hayo. Hapo ndipo naona ya pili imeipita ya kwanza. Ya kwanza humfundisha mzazi kumwachia mtoto njia, na ya pili humfundisha mtoto kuwa kuna watu waliomngojea.

Tangu siku hiyo nimemtazama mama yangu kwa jicho jingine. Jina langu humpotea, lakini akisikia adhana huinyooshea mkono leso yake ya kusalia, na Al-Fatiha haimkwami. Hayo ni makombe aliyopangiwa na wazee wake zaidi ya miaka sabini iliyopita, na mpaka leo anayafuata. Sisi nasi tumewapangia nini watoto wetu, ila simu na makelele?

Nilimwomba radhi. Aliniuliza radhi ya nini, kwa kuwa alikwisha kusahau. Yeye amesahau, lakini binti yangu hakusahau, na mimi sitasahau. Sasa akiuliza kuhusu baba, humjibu kuwa tunamwombea, na yeye husema "Amin" kama anayesikia khabari hiyo kwa mara ya kwanza.

Basi ndugu msomaji, ziangalie zote mbili pamoja na watoto wako. Ukimaliza, inuka uende chumbani kwa mzee wako, umjibu swali lake la kumi kwa sauti uliyomjibu nayo la kwanza. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Amin.