Kabla ya Kununua Kiwanja, Mjue Mwenye Haki

Katika kamati ya msikiti wetu hapa Mbeya, kazi ya ukatibu haiishii kwenye mihutasari na hesabu za michango. Waumini wanapouziana viwanja hutujia tuwaandikie makubaliano na tuwe mashahidi. Wengi wao ni wanunuzi wa mara ya kwanza: mstaafu wa TAZARA aliyepokea kiinua mgongo, mama anayeuza mchele Mwanjelwa, kijana aliyeajiriwa juzi. Fedha wanayoishika ni jasho la miaka mingi. Ndiyo maana tumejizoesha kuuliza kwanza, kalamu baadaye.

Fursa ipo, wala hatuikatai. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko Iyunga. Wenzetu wa Iringa wana Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa. Wanafunzi wanahitaji vyumba kila mwaka. Uwanja wa ndege wa Songwe ulianza kazi mwaka 2012, na penye njia na watu ardhi hupanda thamani. Tena, anayejenga kwa akiba yake, chumba kimoja kimoja, hajitwishi mkopo wa riba.

Hata hivyo, hesabu ifanywe kwa utulivu. Tuchukue mfano wa mtu aliyetumia shilingi milioni 12 kwa kiwanja na vyumba vinne, kila kimoja kikipangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anatarajia shilingi 1,920,000. Lakini wanafunzi huenda likizo. Tukihesabu miezi 10, zinabaki 1,600,000. Toa kodi ya pango ya asilimia 10, toa 240,000 za ukarabati, zinabaki 1,200,000. Fedha yake itarudi baada ya miaka 10. Si biashara mbaya, ila si ya mwenye haraka, wala si ya kuwekea ada ya shule ya mwezi ujao.

Hatari kubwa, kwa tuliyoyaona, haimo katika hesabu hizo. Imo katika haki ya anayeuza.

Mwaka jana ndugu yetu mmoja aliletewa kiwanja pembezoni mwa Uyole kwa bei iliyokaribia nusu ya bei ya majirani. Dalali alimpa siku mbili tu. Tulimuuliza muuzaji alikipataje, akajibu kwa uwazi kwamba kilikuwa cha marehemu baba yake. Tukauliza warithi wengine wako wapi. Wako Iringa, akasema, dada zake wawili walioolewa Ipogolo. Tulipowapigia simu, mmoja alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kiwanja cha baba kinauzwa?" Mirathi haikuwa imegawanywa. Mafungu ya mabinti yametajwa katika Suratun Nisaa, na kaka hana ruhusa ya kuyauza kwa niaba yao kimyakimya. Hati ile hatukuiandika.

Baada ya miezi kadhaa familia ilirudi na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, pamoja na saini za dada wote wawili. Bei nayo ilikuwa imepanda, na ndugu yetu hakuimudu. Alinunua kiwanja kidogo zaidi, mbali zaidi, kilichopimwa. Tusifiche: uangalifu ule ulimgharimu. Lakini anapojenga leo, hakuna mwanamke Iringa anayelia kwa sababu ya msingi wake.

Basi anayeanza aulize haya. Kwanza, anachouziwa ni nini hasa? Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kinachohamishwa ni haki ya kuitumia na kuikalia, ambayo kwa hati huwa na muda usiozidi miaka 99. Kama kuna hati, aombe upekuzi katika ofisi ya ardhi, ajue jina lililosajiliwa na kama imewekwa rehani. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ihusishwe. Muhuri wa mtu mmoja hautoshi.

Pili, mwenzi wa muuzaji ameridhia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Tatu, kiwanja kiko wapi kwa kipimo? Apeleke mpima, asiridhike na mnazi au jiwe la dalali. Ajue hifadhi ya barabara kuu inaishia wapi. Aliye karibu na mto, kama Ruaha Mdogo pale Ipogolo, akumbuke mita 60 ambazo sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu. Na miteremko yetu ya Mbeya aikague masika, si kiangazi.

Nne, malipo yapite benki, na mashahidi wa pande zote mbili waweke saini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana na kushuhudiana, nayo imo katika Suratul Baqara.

Muuzaji mwenye haki hayakimbii maswali haya. Anayesema fedha itolewe kabla ya adhuhuri, na ashukuriwe, kisha aachwe aende zake.