Kabla ya kubana maji, pima tanki

Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua kwa ukame na mgawo kutangazwa Dar es Salaam, mama mmoja wa Bunju, Kinondoni, alifanya walichofanya wazazi wengi: alianza kubana. Simtanki lake liko juu ya mnara wa matofali nyuma ya nyumba. Hakujua lina maji kiasi gani. Alijua tu kwamba bomba linaweza kukauka siku kadhaa.

Kufua kukaahirishwa, kudeki kukaachwa. Siku ya pili akakishusha kibuyu chirizi kilichoning'inia nje ya choo, akisema watoto wanachezea maji. Siku ya nne mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitatu, akaanza kuharisha.

Zahanati alipewa ORS na vidonge vya zinki. Nesi akamuuliza kama watoto wananawa kwa sabuni wakitoka chooni.

"Maji yenyewe yako wapi, nesi?"

"Kwenye tanki yamebaki kiasi gani, mama?"

Hakuwa na jibu. Na Kinondoni si mahali pa kuchezea kuhara. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia huko kabla ya kusambaa sehemu kubwa ya nchi.

Jioni alimwita binti yake wa darasa la saba. Binti akapanda na futikamba ya fundi cherehani, akalizungusha tanki: mzingo mita 3.14. Akagawa kwa 3.14, akapata kipenyo cha mita 1, na nusu yake ni mita 0.5. Kisha akaligonga tanki kwa ngumi kuanzia juu kushuka chini. Juu lililia kama ngoma. Sauti ilipokuwa nzito, akachora mstari kwa chaki. Kutoka kitako hadi kwenye mstari zilikuwa sentimita 80, yaani mita 0.8.

"Mama, tunazidisha 0.5 kwa 0.5, kwa 3.14, kwa 0.8. Ni mita za ujazo 0.628. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo tuna lita 628."

Mama akaongeza asichofundishwa mtoto darasani: koki iko sentimita 5 juu ya kitako, na maji ya chini yake hayatoki. Hizo ni kama lita 39. Simtanki pia lina mikunjo, hivyo hesabu ni ya kukadiria. Wakashika lita 580, sawa na ndoo 29 za lita 20.

Nyumbani wako watano. Lita 20 kwa mtu kwa siku huhesabiwa kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupika na usafi wa msingi. Kwa watano ni ndoo tano kwa siku. Maji yale yangewatosha siku tano na ushee, kunawa mikono kukiwemo.

Mama alikaa kimya kidogo, akitazama ule mstari. Siku zote nne maji yalikuwepo.

Usiku ule ule kibuyu chirizi kilirudi mahali pake, na sabuni pembeni. Kesho yake binti alichora mistari mingine ya chaki, kila sentimita 10 mstari mmoja, na kila mstari karibu ndoo nne. Sasa kabla ya kumkataza mtoto maji, mama hugonga tanki kwanza.