Taa ya Oili Iliwaka Puge, MC Akasema "Kanyaga!"

Wadau, leo naongelea nati moja tu. Ile ya kumwagia oili, iko chini ya sampu, kwenye Corolla nyingi inafunguliwa na spana namba 14. Hiyo ndiyo iliyoniulia injini ya gari aliyoniachia marehemu baba.

Ilikuwa Jumamosi, natoka Nzega kwenda Tabora mjini kwenye harusi. Nilimpa lifti MC mmoja anayejulikana sana kanda ile, jina kapuni. Jana yake nilikuwa nimemwaga oili kwenye gereji fulani. Asubuhi niliona matone mawili matatu chini ya gari, nikajiambia ni masalia tu. Kosa la kwanza.

Tulipofika Puge, karibu nusu ya safari, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikapunguza mwendo. MC akacheka: "Mdogo wangu, gari za zamani taa zinawakaga hovyo. Kanyaga, ukumbi unanisubiri!" Nami kwa kumwonea aibu staa, nikakanyaga. Kosa la pili, na ndilo kubwa. Hazikupita dakika tano, injini ikaanza kugonga ko-ko-ko, kisha kimya. MC akasimamisha Noah ya kwanza iliyopita, akaingia na suti yake. Hata pole hakusema.

Nikavutwa kurudi Puge. Mzee mmoja fundi akaingia uvunguni, akatoka na kipande cha tepu nyeupe, ile ya mafundi bomba.

"Mwanangu, nati imedondoka. Thredi za sampu zilishakufa. Aliyekufungia alijua, akazungushia tepu ili utoke tu kwake."

Akanielewesha. Thredi hazifi siku moja. Kila ukimwaga oili, mtu anaongezea spana bomba na kukaza kwa nguvu zote. Washa ni ile ile ya zamani, imeshasagika, haizibi, basi anazidi kukaza. Mwishowe thredi zinalika, nati inacheza, barabara inamalizia. Oili ikiisha, beringi na krenki vinasagana chuma kwa chuma.

Kwa hiyo shika haya. Nati ianze kwa vidole, ikigoma isilazimishwe. Washa mpya kila mara. Spana ya kawaida, bila bomba. Ikizunguka bila kukaza, thredi zichongwe upya kwa nati nene zaidi, au badili sampu. Kabla hujatoka gereji, acha injini iungurume dakika chache, kisha chungulia chini. Na taa ya oili ikiwaka, simama, zima hapo hapo, ndipo upime stiki.

Baba alikuwa anainama kuchungulia uvunguni kila asubuhi, sisi tunamcheka. Juzi nimefunga injini ya mtumba. Sasa nainama mimi, na hakuna staa atakayeniambia nikanyage.