Kitabu cha Jeep

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliposhuka mjini Goma, baba mdogo alipakia jamaa katika Jeep yake, Willys CJ-2A, akawakimbiza hadi Sake. Kitabu cha gari kilibaki karakanani Birere, kikaungua. Tangu hapo alitengeneza kwa kumbukumbu tu.

Mwaka jana Jeep ikaanza kukataa kuwaka asubuhi. Nilitafuta kitabu kwa wauza vitabu vya zamani, nikakikosa. Mwishowe nilikuta kwenye intaneti TM 9-803, mwongozo wa jeshi la Marekani wa 1944 kwa Willys MB, gari ambalo CJ-2A ilirithi injini yake. Nikachapisha kurasa za injini.

Mwongozo ulikuwa wa Kiingereza. Nilimsomea nikitafsiri kwa kamusi: "plagi". Akacheka. "Mutoto, hiyo ni buji." Nilichokiita "kontakti", kwake ni "viplatine". Alinisahihisha karibu kila neno, mimi mwanafunzi wa lugha. Lakini tulipofika kwenye nafasi ya viplatine, inchi 0.020, yaani nusu milimita, alinyamaza. Miaka yote alikuwa akiipima kwa kipande cha msumeno wa chuma, nacho ni kinene zaidi.

Akarekebisha bila kusema neno. Jeep ikawaka.

Sasa naandika maneno yake pembezoni mwa kurasa zile. Kitabu kilichoungua nilikipatia mbadala. Maneno ya baba mdogo yakipotea, sijui nitayatafuta wapi.