Kisiwa cha Watu 144

Wiki iliyopita, semina ikielekea ukingoni, mwanafunzi mmoja alinyoosha kidole kwenye ramani akauliza: “Dokta, kisiwa hiki ni kikubwa, mbona hakina watu?” Kisiwa chenyewe ni Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada. Kina kilomita za mraba zipatazo 196,000, lakini sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi 144 tu, wote wa kijiji kimoja, Grise Fiord.

Nilimjibu kama kitabu. Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na barafu. Mvua na theluji ni haba kiasi kwamba wataalamu hukiita jangwa la baridi. Jua huzama mwishoni mwa Oktoba, lisichomoze tena hadi Februari. Hakuna nafaka inayoota huko, na meli ya shehena hufika mara moja kwa mwaka, barafu inapoachia bahari.

Nilipofika nyumbani nilitambua kuwa nimejibu nusu tu. Swali zito si kwa nini watu ni wachache, bali kwa nini hao wachache wapo. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizichukua familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, ikazipeleka umbali wa kilomita zipatazo 2,000 kuelekea kaskazini. Ziliahidiwa mawindo tele, pamoja na ruhusa ya kurudi baada ya miaka miwili zisipopapenda. Zilikuta giza na njaa, na ahadi ya kurudi haikutimizwa. Wengi wa waliohamishwa waliamini kuwa walisimikwa pale mithili ya bendera, ili ulimwengu ujue eneo lile ni la nani. Serikali iliomba radhi mwaka 2010, miaka 57 baadaye.

Naielewa hasira yao. Bibi yangu alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Hadi anafariki, aliposema “nyumbani” hakumaanisha nyumba aliyolala. Alimaanisha mahali palipobaki miembe tu.

Tutakapokutana tena, nitamwomba radhi mwanafunzi wangu. Nitamwambia kwamba baridi yaweza kueleza uchache wa watu, lakini kuwapo kwao kunaelezwa na uamuzi uliofanywa mezani, na watu ambao hawakulala kwenye baridi hiyo. Kabla ya kuhesabu watu kwenye ramani, na tuulize kwanza nani aliwaweka hapo.